Kiti kikiwa kitupu, hasara ni ya nani?

JUMATATU ya Januari 11, 2016, waandishi wa gazeti la Daily Telegraph la London walifika kazini wakakuta vijisanduku vidogo vimebandikwa chini ya meza zao. Hakuna aliyekuwa ameambiwa kitu. Kwa kuwa vilikuwa na jina la kibiashara, OccupEye, baadhi yao walilitafuta jina hilo kwenye intaneti na kugundua kuwa ni vifaa vya kutambua kama mtu yupo kwenye meza yake au hayupo.

Uongozi ulijitetea kuwa lilikuwa zoezi la wiki nne la kupima matumizi ya jengo, ili umeme wa taa na wa kupasha au kupooza vyumba usipotee bure kwenye sehemu zisizo na watu. Chama cha wanahabari cha Uingereza, NUJ, kilikuja juu. Kabla ya siku kwisha vijisanduku vilikuwa vimeondolewa.

Mwaka uliofuata ikaripotiwa kuwa benki ya Barclays nayo imefunga vifaa vya aina hiyo kwenye ofisi zake za London. Benki ilieleza kuwa inapima matumizi ya nafasi, si juhudi za mfanyakazi mmoja mmoja.

Msomaji wa kurasa hizi anaweza kuuliza meza za London zinamhusu nini mtu wa Morogoro au Mbagala. Zinamhusu, kwa sababu nyuma ya vijisanduku hivyo ipo hesabu ambayo mfugaji yeyote wa ng'ombe wa maziwa anaijua. Lita ya maziwa isiyouzwa asubuhi, kama hakuna jokofu, jioni haina bei. Saa moja ya kiti ni hivyo hivyo, tena yenyewe haina hata jokofu la kuihifadhi. Kiti kilichokaa kitupu saa nne hakiwezi kukaliwa na watu wawili saa tano ili kufidia. Pango la jengo, mlinzi, taa na kiyoyozi vimekwishalipiwa.

Ndiyo maana kampuni nyingi za Ulaya ziliacha mtindo wa kila mfanyakazi kuwa na meza yake. Mfano unaotajwa sana ni jengo liitwalo The Edge huko Amsterdam, Uholanzi, linalotumiwa na kampuni ya Deloitte. Lilipoanza kutumika, watu wapatao 2,500 walikuwa wakigawana meza takriban 1,000, na ndani ya jengo mlikuwa na vihisi karibu 28,000 vya kupima mwanga, joto, hewa na uwepo wa watu. Baada ya janga la Uviko-19 kuwazoesha wafanyakazi wengi wa nchi hizo kufanyia kazi nyumbani kuanzia mwaka 2020, swali la meza ngapi zinahitajika likawa kali zaidi.

Neno kihisi lisikutishe. Mafundi wa mjini wanasema sensa, jina linalochanganya na ile ya kuhesabu watu na makazi. Ingawa hii nayo, tukisema kweli, inahesabu watu.

Ndani ya kisanduku

Kifaa kinachotumika zaidi chini ya meza ni ndugu wa kile kilichomo kwenye taa za ulinzi zinazowaka zenyewe mtu akipita uani usiku. Mwili wa binadamu hutoa joto, na joto hilo husafiri kama mwanga usioonekana kwa macho, unaoitwa infraredi. Ndani ya kisanduku kuna kipande kidogo kinachozalisha umeme kiasi cha kugusa tu pale joto linalokifikia linapobadilika. Mbele yake kuna lenzi ya plastiki yenye mistari mistari, inayoligawa eneo la mbele katika vipande. Mtu akisogea kutoka kipande kimoja kwenda kingine, kifaa kinashtuka. Hakina kamera, hakina kinasa sauti, na hakijui jina la mtu.

Udhaifu wake uko hapo hapo. Kinachoona ni mabadiliko ya joto, si mtu. Mwanafunzi aliyezama kwenye kitabu bila kutikisika anageuka kuwa sawa na jiwe. Ili kuziba pengo hilo, watengenezaji huweka dakika za subira: kifaa kikikosa kuona kitu, kinangoja kwanza dakika kadhaa kabla ya kutangaza kuwa kiti kimeachwa. Subira ikiwa fupi, aliyetulia anahesabiwa kuwa ameondoka. Ikiwa ndefu, aliyekwenda zake anaendelea kuhesabiwa kuwa yupo. Hakuna kipimo kinachoponya makosa yote mawili kwa pamoja, na mnunuzi asiyeuliza dakika hizo zimewekwa ngapi hajui anachonunua.

Aina ya pili hupima uzito kwenye kiti chenyewe. Hii wengi wameshakutana nayo bila kujua. Weka mfuko wa sembe kwenye kiti cha mbele cha gari dogo la kisasa, na mara nyingi kengele ya mkanda italia, kwa kuwa gari linadhani umempakia mtu. Kihisi cha joto hakidanganywi na mfuko, kihisi cha uzito hakidanganywi na mtu aliyetulia. Wapo wanaofunga vyote viwili. Ipo pia rada ndogo yenye uwezo wa kuona hata kifua kikipanda na kushuka kwa pumzi, lakini inakula umeme zaidi na gharama yake ni kubwa.

Jambo la kutotumia waya ndilo lililoifanya biashara hii iwezekane. Kupitisha waya kwenye meza 300 kunataka fundi, kutoboa sakafu na kufunga ofisi kwa siku kadhaa. Kijisanduku chenye betri kinabandikwa kwa gundi kwa dakika moja. Lakini redio ndiyo mlaji mkubwa wa betri, hivyo kifaa hulala muda mwingi na kuamka pale tu hali inapobadilika, kikatuma ujumbe mfupi wa aina ya "kiti namba 14, kimekaliwa", kikalala tena. Kwa kazi hiyo mtandao wa Wi-Fi unamaliza betri haraka, ndiyo maana wengi hutumia redio za nguvu ndogo. Zigbee husafiri umbali mfupi na kupokezana kutoka kifaa hadi kifaa. LoRa huweza kufika kilomita kadhaa penye uwazi, lakini hubeba maneno machache sana kwa wakati mmoja.

Hiyo LoRa ndiyo hiyo hiyo inayotumika mashambani kupima unyevu wa udongo na kujua ng'ombe walipo. Kwa redio hakuna tofauti kati ya kiti na tuta la vitunguu. Vyote viwili vina jibu fupi la kutoa mara chache kwa siku.

Madaftari yaliyokaa kitini

Nilipokuwa chuoni, msimu wa mitihani maktaba ilijaa kabla jua halijachomoza vizuri. Ilijaa madaftari. Mtu anadamka saa kumi na moja, anaweka daftari kwenye kiti, jingine kwenye kiti cha rafiki, kisha anarudi bwenini kulala au kwenda kunywa chai. Wewe uliyefika saa mbili unazunguka ukumbi mzima, unaona viti vitupu kwa makumi, na huna pa kukaa. Somo la ekonometria nimelisomea kwenye ngazi, mgongo ukutani. Mwisho wa muhula mkutubi akatupa takwimu za walioingia mlangoni, akasema maktaba haitoshi na fedha za kuipanua zinatafutwa.

Nadhani hakukosea kusema haitoshi. Ila namba za mlangoni haziwezi kutofautisha ukumbi uliojaa watu na ukumbi uliojaa madaftari, na dawa za magonjwa hayo mawili hazifanani hata kwa bei. La kwanza linataka jengo, la pili linataka utaratibu.

University College London ilifunga vihisi chini ya meza za kusomea za maktaba zake na kuwaonyesha wanafunzi kwenye simu zao ni wapi pana nafasi. Hapo aliyekuwa akipata faida ya taarifa ni yule yule anayetafuta kiti. Kwa kihisi cha joto, daftari halina ujanja: kiti kinaonekana kitupu, na mwenye kukihitaji anakwenda. Kinachobaki ni ujasiri wa kusogeza daftari la mwenzako, na huo hakuna kifaa kinachoutoa.

Linganisha na yaliyotokea Northeastern University, Boston, Oktoba 2022. Wanafunzi wa shahada za juu walikuta vihisi vya joto vimefungwa chini ya meza zao usiku, bila taarifa. Chuo kilisema kinataka kujua meza zinavyotumika. Tatizo la kwanza lilikuwa kwamba wengi wa wanafunzi hao walikuwa na meza walizopangiwa, na kiti kikishakuwa na mwenyewe, kuhesabu kiti ni kumhesabu mtu, hata kama kisanduku hakijui jina lake. Tatizo la pili ni kwamba ndani ya jengo lile walikuwamo watafiti wa faragha na usalama wa kompyuta. Walivibandua, wakavipanga ukumbini vikaandika neno "NO!", yaani hatutaki. Baada ya mikutano na barua, chuo kikaviondoa vilivyobaki.

Kwa hiyo kifaa ni kile kile, na mwanga wa infraredi ni ule ule. London kwenye maktaba kilipokewa, London kwenye chumba cha habari kilitolewa siku ile ile, Boston kikageuzwa bango. Kilichotofautiana ni nani aliulizwa kabla na nani anasoma majibu. Hapa kwetu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za mtu awe na sababu halali na amjulishe mhusika. Kenya wana sheria yao ya mwaka 2019. Mwajiri mwenye meza za kugawana asizofuatilia nani kaketi wapi yuko kwenye nafasi nzuri kuliko mwenye orodha ya majina ubavuni mwa namba za viti.

Tajiri, dereva na hesabu

Ofisi za kugawana meza bado ni chache kwetu. Viti tunavyogawana kwa mamilioni kila siku viko ndani ya daladala na matatu, na hapo ndipo nadhani teknolojia hii itagusa mifuko ya watu.

Mwenye gari, ambaye madereva humwita tajiri, hajui abiria wangapi wamepanda leo. Akikaa kwenye gari kutwa kuwahesabu, biashara zake nyingine zimelala. Akimwambia dereva alete nusu ya mapato, atamjuaje kuwa ameleta nusu kweli? Kwa sababu hiyo hawaandikiani nusu kwa nusu. Wanakubaliana kiasi maalumu kwa siku, kiitwacho hesabu. Dereva akishatoa hesabu na mafuta, kinachobaki ni chake na kondakta. Kisipobaki, shauri yao, na kesho gari lina deiwaka mpya.

Sisi wa uchumi wa kilimo tunaujua mkataba huu kwa jina jingine: ni kukodi shamba. Mwenye shamba anachukua kodi yake mvua inyeshe isinyeshe, na mkodishaji anabeba ukame wote. Kukodi hukwepa usumbufu wa kuchunga, kugawana mavuno hugawana hatari, na maandiko mengi, tangu Steven Cheung mwaka 1969 na Joseph Stiglitz mwaka 1974, yamebishana ni wakati gani watu huchagua upi. Sehemu kubwa ya jibu iko kwenye gharama ya kumwona mwenzako akifanya kazi. Gharama hiyo ikishuka, mkataba unaweza kubadilika.

Ushahidi upo jirani. Watafiti Erin Kelley, Gregory Lane na David Schönholzer walifunga vifaa vya ufuatiliaji kwenye matatu 255 jijini Nairobi, kisha wakawapa baadhi ya wamiliki, waliochaguliwa kwa bahati nasibu, programu ya simu ya kuona gari lilipo na linavyoendeshwa. Wamiliki waliopewa taarifa walibadilisha masharti na madereva wao, madereva wakaongeza juhudi, uendeshaji unaoharibu gari ukapungua na faida ya wamiliki ikaongezeka. Vifaa vile havikuhesabu viti. Vilitoa mahali, mwendo na muda tu, na hata hivyo makubaliano ya pande mbili yalisogea.

Sasa fikiria tajiri anayeona viti. Tufanye hesabu ya kubuni: gari la viti 26, nauli shilingi 600, safari 12 kwa siku. Gari likiondoka limejaa kila safari ni shilingi 15,600, na kwa siku 187,200. Lakini daladala haiuzi kiti mara moja kwa safari. Nusu ya abiria wakishuka njiani na wengine 13 wakakaa, ni shilingi 7,800 zaidi kwa safari, au 93,600 kwa siku. Kihisi chenye dakika nyingi za subira hakitaona kuwa aliyeshuka kituoni na aliyekaa mahali pake ni watu wawili. Kwa tajiri, hilo ni kosa la karibu shilingi laki moja kila siku ya Mungu.

Tena hapo sijawagusa waliosimama, ambao saa za asubuhi na jioni ndio faida yenyewe. Mama aliyempakata mtoto ni kiti kimoja, nauli moja. Watoto wawili waliobanana ni kiti kimoja, nauli mbili za wanafunzi. Kondakta naye akichoka hukaa, na hakuna anayemtoza nauli. Kihisi cha uzito kinamhesabu kuku ndani ya tenga lililowekwa kitini, na kwa kweli kwenye magari ya kwenda mikoani tenga hilo lina nauli yake pia.

Kuna sehemu moja ambayo kihisi kingefanya kazi safi bila utata, nayo ni kituoni. Abiria hupenda gari linalokaribia kujaa kwa sababu litaondoka mapema. Wapiga debe wanalijua hilo, hivyo huketisha vijana wachache ndani wajifanye abiria. Unaingia ukidhani unasubiriwa wewe tu, kumbe wanne walioko mbele wanashuka mmoja mmoja kila anapopanda abiria wa kweli. Hata hapa kifaa kitasema viti vinne vimekaliwa, na kitakuwa kimesema kweli. Kumbukumbu za wiki nzima ndizo zitakazowaumbua: viti ambavyo hukaliwa dakika thelathini na kuachwa tupu gari linapotoka.

Mwenye kutaka kununua

Teknolojia huzaliwa na sura ya mahali ilipozaliwa. Yujiro Hayami na Vernon Ruttan walionyesha mwaka 1971 kuwa kilimo cha Marekani, chenye ardhi nyingi na watu wachache, kilivumbua mashine za kuokoa vibarua, wakati Japani, yenye ardhi finyu, ilivumbua mbegu na mbolea za kuokoa ardhi. Kihisi cha kiti kimetoka kwenye miji ambako pango la ofisi ni ghali na mshahara wa mtu wa kuzunguka akihesabu viti ni ghali pia. Kwetu la pili si kweli.

Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyofunguliwa Novemba 2018, imejengwa kwa ajili ya wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Kwa ukumbi wa ukubwa huo vihisi vinaweza kuwa na maana, hasa vikimwonyesha msomaji pa kwenda. Lakini ukumbi wa viti 200, uliofunguliwa saa moja asubuhi hadi saa nne usiku, mtu mmoja mwenye daftari anaweza kuuzunguka mara moja kila saa. Mizunguko ni 15, kila mmoja dakika kumi, jumla saa mbili na nusu za kazi kwa siku. Aandike safu tatu: kuna mtu, kuna mzigo bila mtu, kitupu. Wiki mbili za kawaida na wiki mbili za mitihani zinatosha kujua kama tatizo ni uhaba wa viti au ni madaftari. Safu ya pili, kijisanduku cha London hakina uwezo wa kuiandika.

Baada ya hapo, kama bado unaona unahitaji vifaa, muulize muuzaji dakika za subira ni ngapi na kama unaweza kuzibadili mwenyewe, betri ikiisha nani anabadilisha na kwa bei gani, na taarifa zinahifadhiwa wapi. Jibu la swali la mwisho likiwa ni kwenye kompyuta za kampuni nje ya nchi kwa malipo ya kila mwezi, jua kuwa hujanunua kifaa, umekodi.

Dereva mmoja wa ruti ya Mbagala niliyemweleza habari hizi hakushtuka kuhusu kuonwa. Alisema tajiri wake ana watu wake vituoni wanaompigia simu tangu zamani. Alichouliza ni kama siku ya mvua, barabara ikijaa maji na viti vikakaa vitupu tangu asubuhi, kifaa kitamwambia tajiri hilo pia. Nikamjibu kuwa kitamwambia, kiti kwa kiti na saa kwa saa, tena hiyo ndiyo kazi kinayoifanya vizuri kuliko zote. Akauliza basi siku hiyo hesabu itapunguzwa kwa kiasi gani. Hilo nikamwambia waandikiane na tajiri wake kabla kisanduku cha kwanza hakijafungwa.